Shekhar Mehta na Mpaka wa Miaka

Katika barabara itokayo Gisenyi kwenda Musanze, mahali inapopita Kanama, vyombo vya moto vya kila umri hukutana. Pikipiki iliyotoka dukani mwezi uliopita hupanda kilima sambamba na pikipiki iliyokwisha kubadilishwa injini mara mbili, na katika kituo cha Mahoko zote mbili husimama zikingoja abiria yule yule. Askari wa jeshi na wa polisi huyaona hayo kila siku. Basi si ajabu kwamba wakikaa mapumzikoni huzuka ubishi usiokwisha: kama siku ya michezo kungefanywa mashindano ya pikipiki katika njia mbovu za vilimani, je, ya zamani ishindanishwe na mpya? Na ikiwa la, ni nani wa kuamua ipi ni ya zamani, na kwa kipimo gani?

Swali hilo si dogo wala si la Kanama peke yake. Linaulizwa popote watu wanapopenda vyombo vya kale na kutaka kuviona vikikimbia badala ya kuozea bandani. Sisi tumeona vema kulieleza kwa njia ya maisha ya mtu mmoja wa Afrika Mashariki, marehemu Shekhar Mehta, dereva aliyeshinda mashindano ya Safari mara 5. Maisha yake yanafaa kwa sababu yanagusa pande zote za jambo: alishindana chini ya kanuni, alipata ushindi wake wa kwanza kwa sababu ya kanuni, mwishoni akawa miongoni mwa watunzaji wa kanuni, na baada ya kufa kwake magari aliyoyaendesha yamekuwa yakipangwa katika makundi ya umri, moja huku na jingine kule.

Shekhar Mehta alizaliwa nchini Uganda tarehe 20 Juni 1945, katika familia ya asili ya Kihindi iliyokuwa na mashamba makubwa. Alikuwa hajatimiza miaka 8 wakati jambo lililokuja kuyatawala maisha yake lilipoanza. Mwishoni mwa Mei 1953, kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, magari yaliondoka kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika katika mashindano yaliyoitwa Coronation Safari. Hapakuwa na uwanja wala njia maalumu. Magari yalipita katika barabara za kawaida, zenye vumbi, matope, mito, ng'ombe na malori, na dereva alitakiwa kufika katika kila kituo cha ukaguzi kwa wakati uliopangwa. Aliyechelewa aliandikiwa adhabu.

Yafaa tukumbuke namna waanzilishi wale walivyogawa magari. Hawakuyagawa kwa ukubwa wa injini, wala kwa umri. Waliyagawa kwa bei ya dukani. Gari la bei ndogo lilishindana na la bei ndogo, na la bei kubwa na la bei kubwa. Kwa mtu wa leo kipimo hicho chaweza kuonekana cha ajabu, lakini kilikuwa na maana yake. Nia ya mashindano yale ilikuwa kumwonyesha mnunuzi wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam ni gari gani, kwa fedha alizo nazo, litakalostahimili barabara za nchi hizi. Kipimo kilifuata nia. Baadaye, mashindano yalipoingia katika orodha ya kimataifa, nia ilibadilika, na kipimo nacho kikabadilika: ukubwa wa injini ukachukua nafasi ya bei. Tutalirudia jambo hili, maana ndilo ufunguo wa ubishi wetu.

Kijana Mehta alianza kushindana akiwa na umri wa miaka 21, kwa gari la BMW. Wakati huo mashindano ya Safari yalikwisha kuwa makubwa, na majina ya madereva wa Afrika Mashariki yalikwisha kusikika Ulaya. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho nchini Kenya, alikuwa ameshinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa gari la Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya, kwani lilikwisha kutumiwa na kiwanda katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Tena umbo lake lilitokana na gari lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza Stockholm mwaka 1944, na mwaka ule ule wa ushindi kiwanda kilisimamisha utengenezaji wake. Kwa hiyo madereva wa rika la Mehta waliingia uwanjani wakijua kwamba uzee wa chombo si aibu, na kwamba chombo cha zamani kilichotunzwa vema chaweza kukiaibisha kipya.

Mwaka 1971 Mehta alipewa usukani wa Datsun 240Z, gari la Kijapani lenye injini ya silinda 6 na lita 2.4, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Lilikuwa gari jepesi, la mbio, na gumu kulitawala katika utelezi. Edgar Herrmann, mkazi wa Kenya, alishinda mwaka huo kwa gari la namna hiyo hiyo, na Mehta akawa wa pili. Kwa kijana wa miaka 25 hayo yalikuwa matokeo ya kujivunia, na wengi walitazamia kwamba zamu yake haikuwa mbali.

Lakini kabla zamu hiyo haijafika, alipatwa na jambo kubwa kuliko mashindano. Agosti 1972 serikali ya Idi Amin ilitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda, na ikawapa siku 90 kuondoka. Mehta aliacha nchi aliyozaliwa akahamia Kenya. Hatutaki kupita hapa kwa haraka, kwa kuwa wasomaji wetu ni watu wanaovaa sare. Amri ile ilitekelezwa na watu wenye sare pia, vizuizini na katika viwanja vya ndege. Nayo ilikuwa ni kuwapanga watu katika makundi: huyu anastahili kubaki, huyu hastahili. Kipimo chake kilikuwa asili ya mtu, jambo ambalo mtu hakulichagua na hawezi kulibadili, na wengi wa waliofukuzwa walikuwa wamezaliwa pale pale. Mtu aliyekwisha kuonja mgawanyo wa namna hiyo hawezi kuichukulia kanuni kuwa maandishi matupu.

Mwaka uliofuata, 1973, ndio mwaka ambao Ubingwa wa Dunia wa rali ulianzishwa, na Safari ikawa mojawapo ya mashindano yake. Mehta aliingia tena na Datsun 240Z, msoma ramani wake akiwa Lofty Drews. Yalikuwa mashindano ya kilometa zaidi ya 5,000, na mwisho wake ulikuwa wa ajabu kuliko yote yaliyotangulia. Adhabu zilipojumlishwa, Mehta alikuwa na 406. Harry Källström wa Sweden, aliyeendesha Datsun ndogo ya 1800, naye alikuwa na 406. Baada ya siku kadha za vumbi na matope, watu wawili walitoshana kwa dakika.

Waamuzi wangefanya nini? Wangeweza kugawa kombe. Wangeweza kumpendelea mwenyeji, au kumstahi mgeni. Hawakufanya hivyo, kwa sababu kanuni ilikwisha kuandikwa kabla gari la kwanza halijaondoka: wakitoshana wawili, mshindi ni yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Vitabu vya vituo vilifunguliwa, vikasomwa, na ikaonekana kwamba Mehta ndiye aliyedumu bila doa kwa masafa marefu zaidi. Basi akatangazwa mshindi. Källström hakuwa amefanya kosa lo lote, lakini hakuweza kusema ameonewa, maana aliijua kanuni ile siku aliyojiandikisha kama Mehta alivyoijua.

Tunaomba msomaji alishike tukio hilo. Kanuni ile haikuwa takatifu. Ingaliweza kuandikwa vingine, kwa mfano kwamba ashinde mwenye gari dogo, na kwa kipimo hicho huenda kombe lingalikwenda Sweden. Kilichoifanya iwe ya haki ni kwamba iliwekwa mapema, ilijulikana na wote, na ilithibitishwa kwa maandishi ya vituoni wala si kwa kelele za watazamaji.

Baada ya hapo ilipita miaka 6 kabla Mehta hajaushika tena ushindi. Joginder Singh alishinda mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, akawa mtu wa kwanza kuipata Safari mara 3. Mwaka 1978 Mehta alimwoa Yvonne Pratt, ambaye naye alikuwa mtu wa mashindano na alimsomea ramani katika mashindano mengi. Kisha mwaka 1979 ukaanza mfululizo ambao haukuwa umepata kuonekana. Pamoja na Mike Doughty, akiendesha Datsun 160J, ambayo wengi waliijua kwa jina la Violet, alishinda mwaka 1979; akashinda 1980; akashinda 1981; akashinda 1982. Jumla ikawa 5, nne zikiwa zimefuatana, na hakuna aliyefanya hivyo kabla yake.

Violet halikuwa gari la kutisha kwa macho. Lilikuwa gari la kawaida la familia lililoimarishwa, lenye injini ya silinda 4 na lita 2. Miongoni mwa wapinzani wake mwaka 1979 na 1980 ilikuwa Mercedes-Benz 450 SLC, gari kubwa la silinda 8 na lita 5. Katika karatasi, dogo lisingaliweza kusimama mbele ya kubwa. Katika barabara, gari lililoweza kutengenezwa upesi na mafundi wanaoijua nchi lilifika mbele. Mehta mwenyewe hakusifiwa kwa ukali wa mbio tu. Alisifiwa kwa kujua wapi pa kupunguza mwendo, na kwa kulifikisha gari zima mahali ambapo wengine walifika kwa kuvutwa kamba. Kila dereva wa jeshi anajua kwamba hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya kazi yake.

Maisha yake ya usukani yalikatizwa mwaka 1987 nchini Misri. Katika mashindano ya jangwani yaitwayo Rali ya Mafarao, akiendesha Peugeot 205, alipata ajali mbaya akaumia sana, na hakurudi tena katika mashindano makubwa. Wako wengi ambao wakishuka garini hutoweka kabisa. Mehta alihamia upande wa pili wa meza. Alifanya kazi katika Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, na akaja kuiongoza tume yake inayosimamia mashindano ya rali, wadhifa aliokuwa nao hadi kifo chake. Mtu aliyewahi kushinda kwa sababu ya mstari mmoja wa kanuni sasa alikuwa akisimamia uandikaji wa kanuni kwa ajili ya wengine. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60.

Hapa ndipo maisha yake yanapoufikia ubishi wa Kanama. Mwaka 2003, kwa kuadhimisha miaka 50 tangu ile Safari ya kwanza, yalianzishwa mashindano mapya kwa ajili ya magari ya zamani peke yake, East African Safari Classic. Magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne hayakupewa nafasi. Mlango ulifunguliwa kwa magari ya magurudumu mawili ya kusukuma, ya miaka ya nyuma, na mwanzoni mpaka uliwekwa katika miaka ya mwanzo ya 1970. Baadaye ulisogezwa hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1970, na baadaye tena hadi katikati ya miaka ya 1980.

Tazama basi mpaka huo unavyomkata mtu mmoja vipande viwili. Datsun 240Z, gari la ushindi wa 1973, lilikuwa ndani tangu siku ya kwanza. Violet, gari la ushindi wa 1979 hadi 1982, lilikuwa nje. Dereva ni yule yule, barabara ni zile zile, kiwanda ni kile kile. Lakini gari lililompa sehemu kubwa ya utukufu wake lilihesabiwa kuwa changa mno, na alipofariki mwaka 2006 lilikuwa bado halijakomaa kwa kipimo cha mashindano yaliyoanzishwa kuikumbuka Safari. Mashabiki wengi wa Mehta wangaliweza kulalamika, na pengine kwa haki, kwamba Safari ya ukumbusho isiyokuwa na Violet ni pungufu.

Hata hivyo, tukitafakari, mpaka ule haukuwa na kosa kwa kuwa uliwaumiza watu fulani. Kila mpaka humwumiza anayesimama hatua moja upande wa nje. Ukiweka mwisho wa 1973, atalia mwenye gari la 1974. Ukiusogeza hadi 1974, atalia wa 1975. Kosa lingalikuwa kuufungua kwa ajili ya jina la mtu, yaani kusema Violet liingie kwa kuwa ni la Mehta, na gari jingine la umri huo huo libaki nje kwa kuwa mwenyewe hajulikani. Hilo halikufanyika. Mpaka uliposogezwa, ulisogezwa kwa wote, na kwa sababu iliyo wazi: miaka ilikuwa imepita, na yale yaliyokuwa mapya yalikuwa yamezeeka.

Kanuni za FIA kuhusu magari ya kihistoria zinalishughulikia jambo hili kwa utaratibu ambao askari ye yote atauelewa. Miaka imegawanywa katika vipindi, na kila kipindi kimepewa herufi. Kipindi F ni cha 1962 hadi 1965. G ni 1966 hadi 1971. H ni 1972 hadi 1976. I ni 1977 hadi 1981. Na J ni 1982 hadi 1990. Gari halipangwi kwa sura yake wala kwa jina la kibiashara, bali kwa ufundi lililokuwa nao katika tarehe iliyothibitishwa. Kwa hiyo 240Z yenye vifaa vya 1971 haiko pamoja na 240Z yenye vifaa vilivyoruhusiwa mwaka 1973, ingawa mpita njia asingeona tofauti. Na Violet zilizoshinda 1979 hadi 1981 ziko katika kipindi kimoja, hali ile ya 1982 iko ukingoni kabisa, na yabidi kuchunguza kila kifaa kiliruhusiwa lini kabla ya kusema iko upande gani.

Kutokana na hayo, gari hupewa hati, pasipoti ya ufundi, inayoeleza chesisi yake, injini yake, breki zake na picha zake. Mkaguzi huishika hati mkononi na kulitazama gari sehemu kwa sehemu. Ndugu zetu wa polisi hawahitaji kufundishwa kazi hiyo. Wanajua kadi ya gari inavyoweza kuwa ya kweli hali gari lenyewe ni la uongo. Wanajua namba ya chesisi inavyokatwa kutoka chombo kilichokufa ikaungwa katika chombo kingine. Wanajua kuchunguza alama za tindo na rangi iliyopakwa jana. Katika ulimwengu wa vyombo vya kale udanganyifu huo una faida kubwa, kwa kuwa gari lenye historia huuzwa ghali kuliko lenzake lisilo nayo. Pasipo mkaguzi mwenye macho, mgawanyo wa umri hubaki karatasi tu.

Sasa tuingie katika pikipiki, maana ndizo zilizoanzisha ubishi. Katika mchezo wa motokrosi, ambamo pikipiki hushindana katika udongo, vilima na miruko, mwaka 1973 ulikuwa wa mageuzi kama ulivyokuwa kwa Mehta. Mwaka huo Håkan Andersson wa Sweden alitwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki za sentimeta za ujazo 250 kwa Yamaha ya kiwanda, ambayo nyuma ilikuwa na shokomzoba moja badala ya mbili za pembeni zilizozoeleka. Gurudumu la nyuma liliweza kupanda na kushuka zaidi, likabaki ardhini pale ambapo magurudumu ya wengine yalikuwa hewani. Katika muda mfupi viwanda vyote vilishindana kuongeza mchezo wa springi, na pikipiki ya miaka miwili tu nyuma ikawa kama ya kizazi kilichopita.

Ndiyo sababu, vyama vya Marekani na Uingereza vilipoanza kufufua pikipiki za kale, havikuchagua miaka kwa kubahatisha. Waingereza walikuwa na desturi ya kuzitenga zile za kabla ya 1965, kabla pikipiki nzito za kwao hazijashindwa na nyepesi. Wamarekani waliweka mwisho wa kundi lao la kale katika mifano ya 1974, pale pale mapinduzi ya springi yalipoanza. Tena hawakutosheka na mwaka. Walipima pia mchezo wa springi, usizidi inchi 7 mbele na inchi 4 nyuma, ili mtu asichukue fremu ya kale akaitia miguu ya kisasa. Na kwa upande mwingine, pikipiki iliyotengenezwa baada ya mwaka ule lakini kwa umbo na ufundi ule ule wa kale iliruhusiwa. Hapo twaona hekima iliyomo: tarehe ni alama tu, kinachotafutwa hasa ni usawa wa uwezo. Tarehe iwekwe mahali ambapo uwezo ulibadilika, wala si mahali palipo pazuri kwa mwenye sauti kubwa.

Juu ya umri wa chombo, vyama hivyo huongeza umri wa mpanda. Wako makundi ya waliotimiza miaka 40, 50, 60, hata 70. Jeshini jambo hili halitushangazi, kwani kuna umri wa kuandikishwa na umri wa kustaafu, na hakuna anayeona kuwa ni matusi kuambiwa kwamba mbio za koplo wa miaka 22 zisipimwe pamoja na za sajini wa miaka 48. Lakini tofauti moja yapasa iangaliwe. Kundi la umri wa mpanda lapaswa kuwa nafasi ya hiari, si kizuizi. Björn Waldegård wa Sweden, aliyekuwa mpinzani wa madereva wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970, alishinda ile Safari ya magari ya zamani mwaka 2011 kwa Porsche 911, akiwa na umri wa miaka 68, na msoma ramani wake alikuwa mwanawe Mathias. Kama mtu angalimzuia kwa kuhesabu mvi zake, mashindano yangalipoteza mshindi wake.

Tukirudi katika vilima vya Kanama, twaweza sasa kulijibu swali la mapumzikoni bila kugombana. Kwanza, walioandaa waseme nia yao kabla ya kusema kipimo, kama walivyofanya wale wa 1953 waliogawa kwa bei. Ikiwa nia ni kumpa nafasi mwenye pikipiki ya kazi iliyochoka, umri wa chombo utafaa. Ikiwa nia ni kupima ustadi wa mpanda, wote wapande pikipiki za namna moja na ubishi wa miaka uishe. Pili, mpaka uwekwe mahali ufundi ulipobadilika, kwa mfano kati ya zenye shokomzoba mbili nyuma na zenye moja, au kati ya zenye breki za dramu na zenye breki za diski, kwa sababu hayo huonekana kwa macho hata kadi ikipotea. Tatu, chombo kilichobadilishwa injini kipangwe kwa kile kilicho kipya zaidi ndani yake, wala si kwa fremu peke yake. Nne, mkaguzi asiwe mshindani, na asiwe mkubwa wa kazi wa mshindani ye yote, maana ni vigumu kwa konstebo kumwambia mkuu wake kwamba pikipiki yake ni changa mno kwa kundi la wazee.

La mwisho ndilo lililompa Mehta kombe lake la kwanza. Kanuni ya kuamua wakitoshana wawili iandikwe na kubandikwa ukutani kabla ya siku yenyewe, na daftari za vituo zitunzwe na watu wawili wasiotoka kikosi kimoja. Mwaka 1973 daftari hizo zilifunguliwa mbele ya watu wawili waliochoka, wenye adhabu 406 kila mmoja, na zikasomwa mpaka pale ambapo mmoja wao alianza kuchelewa.